Usimwite Mtoto Mwongo

Msomaji kijana, wako wazee wema watakaokushauri usipoteze wakati wako kwa riwaya ya M. G. Vassanji iitwayo The In-Between World of Vikram Lall. Hawatakuambia kwamba ina matusi, wala kwamba lugha yake ni ngumu. Watakuambia kwamba haiaminiki. Yasimuliwa na mtu mzima anayekumbuka mambo aliyoyaona Nakuru alipokuwa na umri wa miaka 8, nao huuliza: mtoto wa miaka 8 ajua nini? Wengine huongeza kwamba kitabu hicho chafukua siri za nyumba, na kwamba siri ya nyumba haianikwi uani kama nguo. Hoja hizi mbili nimezisikia mara nyingi vinywani mwa watu ninaowaheshimu. Leo nataka kuzipinga zote mbili, tena nataka kuonyesha kwamba hoja ya pili ndiyo mama wa ile ya kwanza.

Yafaa kwanza ukijue kitabu chenyewe. Kilitoka mwaka 2003, na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Giller, ambayo ni tuzo kubwa ya riwaya nchini Kanada. Msimulizi, Vikram Lall, ni Mkenya wa asili ya Kihindi. Babu yake alikuja kujenga reli, na baba yake ana duka mjini Nakuru. Mwaka ni 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth, na Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 imekwisha kuingia katika kila nyumba. Vikram na dada yake mdogo Deepa wacheza na Njoroge, mjukuu wa mtunza bustani, na watoto wawili wa Kizungu, Bill na Annie. Kisha Annie na jamaa zake wauawa. Vikram mdogo ajua mambo ambayo wakubwa hawadhani kwamba ayajua. Ajua hasa kwamba mjomba wake Mahesh awapenda wapiganaji wa msituni kuliko inavyofaa kwa usalama wa nyumba yao. Anyamaza. Miaka yapita, awa mtu mwenye nafasi karibu na wakubwa wa nchi huru, fedha zisizo halali zapita mikononi mwake, na mwishowe akimbilia Kanada, ambako ndiko anakosimulia. Tangu mwanzo akiri kwamba jina lake latajwa miongoni mwa mafisadi wakubwa wa Afrika.

Hoja kwamba mtunzi mwenyewe hakulelewa Nakuru siipi nafasi kubwa. Ni kweli kwamba Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam. Lakini riwaya si hati ya kiapo mahakamani. Mtunzi haulizwi kama alikuwapo. Huulizwa kama mtu wa namna hii, akiwekwa mahali pa namna hii, angaliona hivi na kuogopa hivi. Mahali pale napajua, Menengai ikiwa nyuma ya mji, ziwa likiwa mbele yake na reli ikipita kati, nami sioni kwamba alikosea.

Turudi kwa mtoto. Wasema kumbukumbu ya mtoto haiaminiki. Nakubali, tena nitawasaidia kwa ushahidi ambao wao wenyewe hawautumii. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza akili za watoto, alisimulia kisa kilichompata yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi alikumbuka waziwazi jinsi mtu mmoja alivyotaka kumwiba katika barabara ya Champs-Élysées mjini Paris, naye akiwa mtoto mchanga wa kusukumwa katika kigari. Aliuona mkanda uliomfunga kigarini, akamwona yaya akipambana na mwizi, akaiona mikwaruzo usoni pa yaya, akamwona na askari aliyetokea na kirungu cheupe. Alipofikia umri wa miaka 15 hivi, wazazi wake walipokea barua. Yaya yule alikuwa amejiunga na Jeshi la Wokovu, na moyo wake ulimsuta. Alikiri kwamba kisa chote alikitunga, na akairudisha saa aliyokuwa amepewa kuwa zawadi ya ushujaa wake.

Mpinzani wangu akisikia kisa hiki atashangilia. Hebu tazama, atasema, hata bingwa wa akili za watoto alikumbuka jambo ambalo halikuwako! Namwomba akisome tena. Nani alisema uongo katika kisa hiki? Mtoto hakusema uongo hata neno moja. Aliyesema uongo ni mtu mzima, tena kwa faida ya saa. Na walioupeleka uongo huo masikioni mwa mtoto ni watu wazima wengine walioamini. Mtoto aliyachukua maneno yaliyokuwa yakisemwa sebuleni, akayatia rangi, sura na sauti, kama akili ya mtoto ifanyavyo kwa kila inachopewa. Laiti angalipewa ukweli, angaliutia rangi ukweli.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike usomapo riwaya ya Vikram Lall. Mtoto huona vipande. Huona mkono ukifunga mlango, husikia mazungumzo yakikatika ghafula aingiapo, huona bunduki mahali fulani na kesho yake haioni. Kati ya kipande na kipande pana pengo, na mwenye uwezo wa kuliziba ni mkubwa wa nyumba. Mkubwa akisema, pengo huzibwa kwa maneno yake. Mkubwa akinyamaza, mtoto hana budi kuliziba mwenyewe kwa hofu, kwa ndoto na kwa uvumi wa shuleni. Miaka 40 baadaye mkubwa yule yule husimama na kusema, “Msimsikilize huyu, hakumbuki vizuri.” Huku ni kumnyima mtu chakula na kisha kumcheka kwa kukonda.

Nina sababu yangu ya kusema kwa ukali. Mwaka 1992, mapigano ya kikabila yalipoingia Molo, nilikuwa mtoto mdogo. Tuliihama nyumba yetu usiku. Nakumbuka taa ya kandili. Nakumbuka mwanga wake wa manjano ukicheza ukutani mwa ghala tulimofichwa, na harufu ya pareto iliyokaushwa. Dada yangu, aliyekuwa na miaka 11, asema hapakuwa na taa yoyote, kwa kuwa taa ingalituua. Tumebishana miaka mingi wala hatujapatana. Lakini ghala lile lilikuwa la nani? Hatukuambiwa. Tulipouliza, mama alijibu kwamba Mungu alitusaidia, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikakua nikiamini kwamba ghala lilikuwa la kanisa. Naam, niliukumbuka hata msalaba uliokuwa juu ya mlango.

Zaidi ya miaka 20 ilipita. Baba, akiwa mgonjwa kitandani, alitutamkia siku moja kwamba ghala lilikuwa la jirani yetu, mtu wa kabila lile lile tulilofundishwa mitaani kulichukia. Jirani huyo alimwapisha baba asimtaje kwa yeyote, maana wenzake wangaliichoma nyumba yake. Baba alitimiza ahadi. Aliitimiza mpaka jirani akafa, na baada ya jirani kufa akaendelea kuitimiza, na muda huo wote sisi watoto tulipita njiani bila kuwaamkia wajukuu wa mtu aliyetuficha.

Msalaba ule juu ya mlango niliutoa wapi? Niliutengeneza mwenyewe, nikiwa na pengo la kuziba na neno moja la mama la kulizibia. Simlaumu baba kwa siri ya usiku ule. Usiku ule siri ilikuwa uhai wa watu. Namlaumu kwa siri ya mwaka wa kumi na wa ishirini, wakati hatari ilikuwa imekwisha kupita na kilichobaki ni mazoea ya kunyamaza. Siri nyingi za nyumba zetu ni za namna hii. Zilianza kuwa ngao, zikaisha kuwa desturi, na hakuna aliyekaa chini akauliza kama adui aliyekingwa kwa ngao ile angali yuko.

Wala nyumba zetu hazikujifundisha haya zenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 1963, miezi minne kabla ya Uhuru, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikuja Nakuru kuzungumza na walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa katika Bonde la Ufa. Wengi wao walimwogopa, na wengine walikuwa wamekwisha kuuza mali wakaenda zao. Aliwataka wakae walime, na akasema kwamba yafaa watu wa pande zote wasameheane na kuyasahau yaliyopita. Ilikuwa hotuba ya busara kwa siku ile, nami siikejeli. Lakini kusamehe na kusahau ni kazi mbili mbalimbali. Anayesamehe hana budi kujua amsamehe nani, na kwa kosa gani. Anayesahau hahitaji kujua lolote, na kwa sababu hiyo kusahau ndiko kulikopendwa.

Yafikirie mambo yaliyotakiwa kusahauliwa katika bonde hili peke yake. Mwaka ule ule wa 1953 ambao Vikram ausimulia, makumi ya maelfu ya maskwota wa Kikuyu waliondolewa katika mashamba ya Wazungu, wakapakiwa katika malori na magari ya moshi, wakarudishwa katika maeneo yaliyotengwa kwa kabila lao, ambako wengi hawakuwa na hata kipande cha ardhi. Nyumba moja ilitoa kijana aliyekwenda msituni, na kijana mwingine wa nyumba hiyo hiyo akawa homugadi. Huyu alikula kiapo kwa hiari, yule kwa kutishwa, na yule wa tatu akawataja wenzake kwa polisi ili aokoe ngozi yake. Baada ya Uhuru mashamba yaligawanywa. Wako waliopata na wako waliokosa, na waliopata hawakupenda kuulizwa walipataje. Kila nyumba ikafunga mlango wake, watoto wakazaliwa, wakaokota vipande.

Matunda tumeyaona. Molo iliungua mwaka 1992. Mwezi wa Januari mwaka 2008 mji wa Nakuru wenyewe, uliodhaniwa kuwa wa watu wote, uligawanyika mtaa kwa mtaa, na Naivasha ikafuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote katika ghasia za majira yale. Vijana walioshika mapanga hawakuwa wameiona miaka ya 1950, wala wengi wao hawakuwa wamezaliwa Uhuru ulipopatikana. Walikuwa wamerithi mapengo. Mtu anaposema leo kwamba riwaya yenye kufukua mambo ya kale yaweza kuleta chuki, namwuliza: chuki ya mwaka 2008 ililetwa na riwaya ipi?

Wako watakaosema kwamba kama ukweli watakiwa, basi utafutwe katika majalada ya serikali. Karatasi, wasema, haina utoto. Sikiliza basi habari ya karatasi. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya walifungua kesi London, wakidai kwamba waliteswa katika kambi za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya Uingereza ilitoa, miongoni mwa hoja zake, hoja kwamba muda mno umepita na kwamba haiwezekani tena kuyahukumu mambo hayo kwa haki. Kumbe serikali hiyo hiyo ilikuwa ikihifadhi kwa siri, mahali paitwapo Hanslope Park, mamia ya majalada yaliyoondolewa Kenya kabla ya Uhuru! Kuwapo kwake kulikiriwa mwaka 2011. Yalipofunguliwa, yalitilia nguvu maneno ya wazee wale. Mwaka 2012 jaji aliruhusu kesi iendelee, na mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Mwaka 2018 kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilishindwa, na urefu wa muda uliopita ulikuwa miongoni mwa sababu. Waona jinsi mchezo ulivyo. Mwenye karatasi huificha, husubiri mpaka mwenye kumbukumbu azeeke, kisha husema kwamba kumbukumbu za wazee zimefifia. Yaya wa Piaget, angalau, aliirudisha saa.

Baada ya kumtetea Vikram mtoto, sina budi kumshtaki Vikram mtu mzima, maana sitaki udhani kwamba nakuomba umwamini kwa kila jambo. Mtazame anavyomkumbuka Annie. Amkumbuka kwa huruma inayoumiza, naye mtoto yule astahili kuliliwa. Katika mambo yaliyotokea kweli, tarehe 24 Januari mwaka 1953 mlowezi Roger Ruck, mkewe Esme na mtoto wao Michael mwenye umri wa miaka 6 waliuawa shambani kwao Kinangop, na picha za chumba cha mtoto huyo zilizagaa katika magazeti. Ilikuwa haki dunia ihuzunike. Lakini walowezi wa Kizungu waliouawa katika vita vyote vile walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walikuwa 1,090, na zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng’enge, ambamo watoto wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Vyumba vya watoto hao, kama walikuwa na vyumba, havikupigwa picha. Vikram, mwana wa mwenye duka, alicheza na Annie. Hakucheza na hao. Kwa hiyo ubovu wa kumbukumbu hauko tu katika kuweka taa mahali ambapo hapakuwa na taa. Uko pia katika kuchagua maiti ya kulilia, na mtoto mara nyingi huchaguliwa maiti hiyo na watu wa mtaa wake.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Ule ukimya aliojifunza akiwa na miaka 8, akiiogopea nyumba ya baba yake, ndio aliokuja kuuza ukubwani. Wenye nguvu walimtumia kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa mtu asiyesema. Angeweza kupewa mkoba leo na asiulize kesho ulikuwa na nini. Wasomaji wengi huona sehemu za mwisho za riwaya, zenye siasa na hongo, kuwa hadithi nyingine iliyogundishwa nyuma ya hadithi ya utotoni. Mimi naona ni hadithi ile ile. Mtoto aliyefunzwa kwamba kulinda nyumba ni kunyamaza, akipewa nchi ailinde atainyamazia vivyo hivyo, na wezi watamshukuru. Mzazi anayesifu ukimya wa mwanawe na papo hapo kulalamikia ufisadi wa serikali hana haki ya kushangaa sana.

Basi waache wazee wangu wema waseme kwamba riwaya hii haiaminiki. Vikram mwenyewe amekwisha kusema hivyo tangu kurasa za mwanzo, na kwa kusema hivyo amefanya jambo ambalo majalada ya Hanslope Park hayakulifanya, wala nyumba yetu ya Molo haikulifanya: amekuonyesha mahali penye pengo, ili ujue kwamba ni pengo.

Kisome kitabu hiki polepole. Sehemu yake ya kwanza imepewa jina linalozungumza juu ya mapenzi na urafiki, ingawa yasimulia mwaka wa mauaji. Usiliruke jina hilo. Kila Vikram asemapo kwamba aliona, jiulize alikuwa amesimama wapi na nani alikuwa amemtuma atoke chumbani. Kisha, likizo ikifika, mwende mkubwa wa nyumba yenu jioni, kazi zikiwa zimekwisha, umwamkie kwa adabu, umwulize alikuwa wapi mwezi wa Januari mwaka 2008. Wewe hukuwa umezaliwa wakati ule, au ulikuwa mchanga, naye hatakuwa na sababu ya kudhani kwamba wamchunguza. Akikuambia mlikimbilia mahali fulani, mwulize pale palikuwa pa nani. Andika jina analokutajia, na chini yake andika lile ambalo ndugu yako mkubwa alikuwa akilikumbuka, hata kama hayafanani.